Matairi Manne Yaliyolingana

Kosa langu la kwanza lilikuwa kupima kina cha mifereji kwa njiti ya kiberiti na kudhani nimepima tairi. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilisimamisha njiti ndani ya mfereji, nikaweka alama kwa ukucha, nikahamia mfereji uliofuata, na alama ikaangukia palepale. Nilifanya hivyo mara kumi na mbili kwa kila tairi, na matairi yalikuwa manne. Nilifurahi mno. Leo najua kwamba tairi lililotembea kwenye barabara zetu haliwezi kulingana namna hiyo. Hata viatu vyangu mwenyewe, kisigino kimoja huisha kabla ya kingine.

Gari lilikuwa la baba. Ujana wake wote alikuwa dereva wa lori katika shamba la mkonge karibu na Kibwezi. Miaka michache baada ya uhuru meneja Mzungu alirudi kwao, na kabla ya kuondoka akawagawia wafanyakazi vitu vya nyumbani mwake. Mmoja alichukua mabati, mwingine kitanda cha chuma, mwingine mbuzi wawili wa maziwa. Baba alipoambiwa achague, alichagua gari la spoti la Kiingereza, la viti viwili, lisilo na paa, ambalo meneja alilitoa nje Jumapili tu. Wenzake walimcheka. Rafiki yake mkubwa, aliyekuwa mwendesha trekta, alimwambia mbele ya watu wote, "Umechukua jeneza lenye usukani."

Baba alilivuta kwa lori mpaka kwetu, nje kidogo ya Migwani. Lilipofika, matairi yalikuwa yameraruka vibaya. Akaliinua, akaliweka juu ya mawe manne chini ya banda la miti ya mkonge, na likakaa hapo tangu kabla sijaanza shule. Lakini hakulitupa. Kila mwezi aliizungusha injini kwa mkono isishikane, akabadilisha mafuta, akawafukuza kuku waliotaga kwenye kiti. Na kila mgeni aliyecheka aliambiwa neno lilelile: "Siku litakaposimama kwa miguu yake, nitalipanda mpaka Kibwezi, yule wa trekta anione."

Mimi nilikuwa fundi wa baiskeli. Hakuna aliyenifundisha. Nilianza kwa kubomoa baiskeli ya baba na kuogopa kipigo, na hofu hiyo ndiyo iliyonifunza kukumbuka kila nati ilikotoka. Mambo ya gari niliyasoma katika kitabu cha maelekezo kilichokuwa chini ya kiti. Panya walikuwa wamekula kurasa zote za breki, kwa hiyo breki nilijitafutia mwenyewe.

Nakiri kwamba mimi ni mtu wa wasiwasi. Nikifunga nati, narudi kuikagua mara tatu. Nikipaka rangi baiskeli ya mtu, naifuta na kuipaka upya kwa sababu ya nywele moja iliyonaswa ambayo mwenyewe asingeiona mpaka kufa. Baba aliponiambia, "Haya, fundi, lisimamishe gari letu," nilisikia fahari na hofu kwa wakati mmoja.

Wakati huo jicho lake la kushoto lilikuwa limeshaingia ukungu, na la kulia lilikuwa linaanza. Alikuwa akigeuza shingo kama kuku ili anione vizuri. Hakusema kwamba anataka kuiona Kibwezi kabla macho hayajafunga. Lakini kila aliponijia bandani aliuliza swali moja: "Bado?" Nami nilijibu, "Bado kidogo."

Rimu za gari lile zilikuwa za spoku kama za baiskeli, spoku arobaini na nane kila moja, na katikati nati moja kubwa yenye masikio mawili, ambayo hugongwa kwa nyundo ili ifunge. Hapo nilikuwa nyumbani. Nilizisugua kwa mchanga na mafuta ya taa, nikazinyoosha moja moja, nikawa nazigonga kwa spana na kusikiliza. Spoku iliyolegea hutoa sauti ya kopo. Iliyokazwa sawasawa hulia kama kengele ya mbuzi. Kazi hiyo ilinichukua miezi minane, na siku niliyoimaliza, rimu zote nne zilizunguka bila kuyumba hata unene wa uzi.

Halafu yakaja matairi. Kitabu kilisema manne yawe ya namna moja na yawe yamechakaa sawa. Mtu mwingine angelisoma hilo kama ushauri. Mimi nililisoma kama amri. Matairi mapya ya kipimo kile hayakuwa yakipatikana tena madukani. Yaliyoweza kuingia kwenye rimu zetu ni ya yale magari madogo ya mgongo wa kobe, na kwa kuwa mapya yake yalinishinda bei, nikaanza kuyatafuta yaliyotumika Kitui, Mwingi, mpaka Nuu, nikiwa na kiberiti mfukoni. Hili lina nyufa za jua ubavuni. Hili limekula upande mmoja. Haya mawili ni mazuri lakini hayafanani na yale mawili. Zaidi ya mwaka ulipita hivyo.

Mjini Mwingi kulikuwa na mzee mmoja wa Garissa mwenye malori, aliyekuwa akiuza matairi yaliyotumika nyuma ya duka lake. Watu walimwita Hajji, nami nikamwita hivyo. Alinitazama nikichomeka njiti zangu kwenye tairi la nane au la tisa, akashindwa kuvumilia.

"Kijana, unatafuta tairi au unatafuta bibi?"

"Natafuta yaliyo sawa, Hajji."

"Sawa na nini?"

"Sawa yenyewe kwa yenyewe."

Akacheka mpaka wapakiaji wake wakageuka. "Huyu ataoa mapacha! Sasa nisikilize. Tairi, weka mkono ndani. Ndani! Pitisha vidole polepole kama unamchunguza ngamia. Nje ni uso, na uso kila mtu hujua kuuosha."

Sikupenda wapakiaji walivyocheka. Nilimshukuru, nikaenda zangu, na mkono sikuuweka.

Huko huko Mwingi nilipata pia rimu nne za bati zisizo na spoku, pamoja na habu zake za katikati na matairi yake, kutoka kwa gari dogo lililogonga punda. Matairi yalikuwa ya namna tatu tofauti, lakini mazima. Fundi aliyekuwa nazo alikuwa tayari kuzibadilisha kwa baiskeli niliyoiunda mwenyewe. Nilimweleza baba.

"Zitaingia?" akauliza.

"Zitaingia. Lakini gari halikuzaliwa nazo. Litakuwa kama mtu aliyevaa suti na akala za mpira wa tairi."

"Na mtu wa akala hafiki Kibwezi?"

Nilizikataa. Nakumbuka aligeuza shingo, akaliangalia gari muda mrefu kwa lile jicho moja, kisha akaenda nyumbani akishika ukuta wa banda.

Wiki chache baadaye binamu yangu alifika na matairi manne ndani ya magunia.

Binamu huyu ni mtoto wa ndugu yake baba, ananizidi miaka minne. Tulilala kitanda kimoja tukiwa watoto, na yeye ndiye aliyenishikia baiskeli nilipojifunza kuipanda. Kazi yake ni kuchonga vinyago: swala, twiga, vifaru, vile ambavyo watu wetu wamekuwa wakichonga na kuwapelekea wageni Nairobi na Mombasa. Ana mkono ambao sijaona mfano wake. Akichonga swala kumi, huwezi kusema yupi alitangulia. Katika maisha yangu yote yeye ndiye mtu pekee ambaye kazi yake sikuwahi kutamani kuirekebisha.

"Kuna mmisionari anahama Makueni," aliniambia. "Alikuwa na haya tangu siku nyingi, hayana kazi kwake. Nikasema, acha nimwokoe ndugu yangu."

Niliyafungua. Manne, namna moja, mifereji ya kupinda kama njia ya nyoka, kingo zake kali. Nikatoa kiberiti.

"Pima," alisema, akaketi juu ya jiwe. "Pima mpaka roho yako itulie, fundi. Nitasubiri hata mpaka arusi yako."

Nilipima. Mmeshajua nilichokikuta. Kitu kimoja tu kilinisumbua.

"Mbona yananuka moshi?"

"Yaliwekwa juu ya dari la jiko. Hawa wazungu nao hawana stoo."

Baba alikuwa amesimama mlangoni mwa banda. "Mpira wa jikoni haupasuki kwa jua," alisema. "Ni mzuri huo."

Na kwa sababu baba alikuwa ameishi na matairi miaka thelathini, nilifunga kiberiti changu. Nilimkumbatia binamu yangu. Nilimwambia, "Wewe peke yako ndiye unayenielewa." Yeye alitazama chini, nami nikadhani ni haya.

Kitu kingine ninachopaswa kukiri: nilipokuwa nikiyavalisha matairi kwenye rimu, niliingiza tyubu kwa haraka huku nimeangalia nje muda wote, kwa jinsi mifereji ilivyokuwa mizuri. Vidole vyangu vilipita ndani. Lazima vilipita. Sikuvisikiliza.

Tuliondoka siku ya Jumamosi asubuhi. Baba alivaa koti lake la kanisani na kofia aliyoifunga kwa kitambaa chini ya kidevu ili upepo usiichukue. Jirani mmoja aliuliza kama tunaenda kumwoa malkia. Gari liliposhuka kutoka kwenye mawe na kusimama kwa miguu yake, baba aliliinamia, akapapasa tairi la mbele, akasema, "Haya." Akapanda.

"Polepole," aliniambia kabla hatujafika barabarani. "Usipite arobaini."

"Baba, gari hili lilitengenezwa kwa mbio."

"Nimesema arobaini."

Nilidhani ni uoga wa uzee. Tulipita Kitui, tukakamata barabara ya Mutomo, ya changarawe ya murram, nyekundu, yenye mawimbi kama mgongo wa bati. Baba alikuwa ananitajia kila mahali kabla hatujafika: hapa kuna daraja dogo, hapa niliua fisi, hapa lori liliniharibikia siku tatu nikala mahindi mabichi. Alikuwa akiona! Kwa jicho moja, na lenye ukungu, lakini alikuwa akiona, na sauti yake ilikuwa ya kijana. Mimi nilikuwa nasikiliza magurudumu. Yalikuwa yanalia sawa, yote manne, bila kutetemeka. Nilifika hamsini. Nilifika sitini. Nataka niandike hapa kwamba kwa muda wa kama dakika ishirini sikuwa na wasiwasi wowote, na kwamba hilo halijawahi kunitokea kabla ya hapo wala baadaye.

Tulikuwa tumeiacha Mutomo, tukielekea Ikutha, tairi la mbele la kushoto lilipopasuka. Lilikuwa upande wa baba. Usukani ulinitoka mikononi, gari likaingia kichakani, likapanda kichuguu, likasimama likiwa limeinama kama ng'ombe anayetaka kulala. Vumbi lilipotua nilimwona baba ameshika bega. Mfupa wa mtulinga ulikuwa umevunjika. Hakulia. Alisema tu, "Tumebakisha kiasi gani?"

Nilimweka kivulini, nikarudi kulitazama tairi, kwa sababu ndivyo nilivyo, hata mfupa wa baba yangu hauwezi kunizuia nisiulize kwa nini. Lilikuwa limefunguka kando ya mfereji, kama gunia lililopasuliwa kwa kisu kwenye mshono. Nyuzi za ndani zilikuwa nje. Hapo ndipo nilipotia mkono. Chini ya kila mfereji mpira ulikuwa mwembamba kama ngozi ya ngoma, na nyuzi nilizihesabu kwa vidole. Lilikuwa tairi la kipara. Mtu alikuwa amepasha wembe wa msumeno motoni na kuchonga meno mapya ndani ya mpira uliokuwa umekwisha.

Na nilijua ni nani. Katika kila swala wa binamu yangu, pale nywele za shingo zinapoishia, kisu huinuka kwa mkunjo mdogo kuelekea kulia. Hakuna anayeuona isipokuwa mtu aliyekaa naye akichonga tangu utotoni. Mkunjo huo ulikuwa mwishoni mwa kila mfereji. Ulikuwepo siku zote. Niliupima mara kumi na mbili kwa kila tairi.

Lori la makaa lilitubeba tukarudi mpaka hospitali ya Mutomo. Njia nzima baba hakuniuliza sababu ya tairi kupasuka, na mimi sikuona ajabu yoyote. Nilifikiri ni maumivu.

Siku nne baadaye nilimkuta binamu yangu kwenye kibanda chake cha kuchongea. Nilikuwa na kipande cha tairi mkononi. Alikiona kabla hajaniona mimi.

"Mzee anaendeleaje?"

"Hakuna mmisionari," nilisema.

Aliweka tezo chini. "Hakuna."

"Uliyatoa wapi?"

"Kwa mtu wa kushona akala."

Kwa mtu wa kushona akala! Matairi ambayo yalikuwa yameshakufa, yakisubiri kukatwa viatu, nami nikamkumbatia mtu kwa ajili yake.

"Ulitaka kutuua?"

"Malori mangapi yanatembea na matairi ya kuchonga? Hapa kwetu? Nimeyachongea watu wengi, na wanafika. Kwa mwendo wa arobaini wanafika. Kwani mzee hakukuambia arobaini?"

Nilimwangalia. Yeye naye akatambua alichokisema, akafunga mdomo, lakini neno lilikuwa limetoka.

"Baba alijua nini?" nikauliza.

"Muulize mwenyewe."

"Nakuuliza wewe."

"Ndiye aliyenituma," binamu yangu alisema. "Alikuja hapa kwa miguu, ameshika fimbo, amejikwaa mpaka goti linatoka damu. Akaniambia, yule ataendelea kuchagua mpaka mimi nife. Mtengenezee yanayolingana, atayakubali. Ningemkatalia vipi? Ungemkatalia wewe?"

"Mimi ungeniambia."

"Ningekuambia, ungeyapanda?"

Nilimtupia kile kipande. Kilimpiga kifuani, kikaanguka kati ya swala wake, na hakuna aliyeinama kukiokota.

Nyumbani baba alikuwa ameketi nje, mkono umefungwa shingoni. Sikuwa na haja ya kusema mengi. Nilisema tu, "Nimetoka kwa binamu."

"Alikuambia."

"Ulisimama mlangoni ukaniambia mpira wa jikoni haupasuki kwa jua. Ulinitazama nikipima."

"Nilikutazama," alisema. "Ulifurahi sana. Sijawahi kukuona umefurahi hivyo." Kisha akasema, "Nilikuambia arobaini."

Nilitaka aombe msamaha. Bado nataka. Badala yake aligeuza shingo kunitafuta, kwanza upande mmoja, halafu upande mwingine, na nikaona kwamba hata lile jicho la kulia lilikuwa linaniona kwa shida. Nilijua vilevile kwamba rimu za bati nilizozikataa zingemfikisha Kibwezi mwaka ule ule, hata kama ni akala. Hilo halipunguzi uongo wao. Najaribu kuyaweka mambo haya mawili mahali pamoja na hayakai.

Mfupa uliunga baada ya wiki kadhaa. Gari, lililovutwa kwa lori mpaka bandani, lilichukua muda zaidi, na safari hii sikuwa mtu wa kuchagua: nilirudi Mwingi nikabadilisha baiskeli yangu kwa zile rimu za bati, ambazo kwa bahati bado zilikuwepo, pamoja na matairi yake ya namna tatu. Nilipomwambia baba kwamba liko tayari, alikuwa hatambui tena mtu mpaka asikie sauti.

"Twende," nilimwambia. "Nitakueleza kila kitu njiani. Mkonge, mlima, yule wa trekta atakavyoshangaa."

"Kwani nilitaka kwenda kueleza?" alisema. "Nilitaka kuona uso wake."

Hakupanda. Nilimbembeleza mara tatu kwa siku tofauti, na mara ya tatu akaniambia nisimwulize tena. Mwendesha trekta mwenyewe alikuja kumsalimu mwaka uliofuata, kwa basi. Aliingia bandani, akalizunguka gari, akasema kwa sauti kubwa ili baba asikie, "Kumbe jeneza limesimama!" Baba alicheka mpaka akakohoa. Mimi nilibaki bandani nikijifanya natafuta spana.

Mambo yako hivi sasa. Gari linatembea, na mimi hulipeleka Migwani siku za soko. Rimu za spoku nimezitundika ukutani, nazigonga mara mojamoja, na bado zinalia sawa. Binamu yangu huimba kanisani sauti ya nne, safu mbili mbele yangu. Tunasalimiana kwa mkono ibada ikiisha, na kibandani kwake sijarudi. Nina kibanda changu cha matairi huko Mwingi, karibu na Hajji, ambaye bado ananiuliza kama nimepata wale mapacha. Njiti za kiberiti sipimii tena. Tairi likiletwa, natia mkono ndani kabla ya kulitazama nje, hata kama limeletwa na mtu wa nyumbani kwetu.